Maziko ya Saa Nane kule Tervuren

Habari ya kifo cha Maman Cécile niliipata ndani ya basi septante et un, namba sabini na moja, nimesimama, mkono mmoja umeshika chuma na mwingine umeshika simu. Ilikuwa picha yake, mshumaa pembeni, na maneno matatu chini. Aliyeituma hakuniuliza kama nimekaa, kama nimekula, kama nina mtu karibu wa kunishika. Basi ikaendelea kushuka barabara ya chaussée d'Ixelles, wanafunzi wanacheka, na mimi, bibi wa wajukuu saba, nikapitiliza vituo viwili bila kujua naenda wapi. Nikawaza: Maman Cécile angeona kifo chake kinavyotangazwa, angeamka atugombeze sote. Maana ni yeye aliyetufundisha, sisi watu wa Kivu tuliofika Brussels mikono mitupu, kwamba kifo kina mlango wake, hakiingii kwa mtu kupitia dirishani.

Baada ya kumzika, Faïda, mwenzangu wa miaka ile, alikuja kulala kwangu Etterbeek, maana siku hizi anakaa Liège na treni zilikuwa za shida. Tukakaa jikoni na chai yetu. Nje, mti wa jirani ulikuwa umeanza kuwa mwekundu juu, chini bado kijani, kama mtu aliyejifunga kitambaa kipya juu ya kitenge cha zamani. Tuliutazama muda mrefu. Faïda akasema, "Berna, unakumbuka?" Nikamwambia nakumbuka, hata jina la yule Mzungu nalikumbuka. Akacheka, akafuta macho. Ndiyo sababu nauandika huo mwaka, mwaka wangu wa kwanza hapa. Nilikuwa nimeshapita miaka arobaini, lakini mtu akifika katika nchi asiyoijua anazaliwa tena, hajui kusema, hajui kutembea, na wengine ndio wanaomshika mkono.

Tulikaa mtaa wa Ixelles, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko. Chumba cha mbele kilikuwa cha Maman Cécile na mumewe Papa Déogratias. Kule Bukavu Papa Déo alikuwa mwalimu, hapa aliosha sahani katika hoteli, lakini kila asubuhi alivaa tai kwenda kuosha hizo sahani. Chumba cha nyuma kilikuwa changu mimi na Faïda: magodoro mawili chini, sanduku moja katikati lililokuwa meza, na pazia badala ya mlango, kwa hiyo kila kilichosemwa jikoni tulikisikia. Nyumba ilinukia sombe, yale majani ya muhogo, na makoti yaliyolowa mvua. Nikifumba macho leo bado naisikia ile harufu, na ninasikia chombo cha kupasha nyumba joto kikigonga ndani ya ukuta, ko, ko, ko, kama mtu anayeomba kufunguliwa. Maman Cécile alitupokea bila kutuuliza ukoo wetu. Alisema tu, "Mumekula?" Hilo ndilo lilikuwa swali lake kwa kila mtu, hata kwa mtu wa posta.

Majani ya nchi hii yalinitia aibu mapema. Mwezi wa tisa niliona mti ulio mbele ya nyumba yetu unakauka, majani yanageuka manjano na kuanguka. Kwetu mti ukifanya hivyo katika mvua, basi una ugonjwa. Nikaona watu wanapita, hakuna anayejali, nikasema hawa Wazungu wana roho ngumu. Nikashuka na ndoo ya maji, ngazi zote zile, nikaumwagilia. Kesho yake tena. Siku ya tatu Maman Cécile aliniona kutoka dirishani akacheka mpaka akakaa chini. "Berna! Weye uko infirmière, munganga ya miti sasa? Acha, maman, huo muti haiko mugonjwa, iko inalala!" Faïda hakucheka. Aliniuliza kama ni kweli, kama miti yote inalala, na kama ile ya kwenye kalenda nayo ni ya kweli. Alikuwa na kalenda ya bure kutoka pharmacie, duka la dawa, ameitundika juu ya godoro lake, na tangu tufike hajawahi kuifunua kwa kufuata miezi. Ilikaa daima kwenye picha moja ya mwezi wa kumi: msitu mwekundu, njia ndogo katikati, hakuna mtu. "Siku moja nitapita pale," alikuwa akisema jioni. "Mama nitamutumia picha, aone mutoto wake ametembea ndani ya moto na hakuungua."

Mama yake aliitwa Nabintu. Sikuwahi kumwona, lakini nilimjua, kwa sababu Faïda alikuwa akimtaja kila siku: mama anapika hivi, mama angesema hivi. Alikuwa mwanamke wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, muuza maharagwe, mwenye sauti kubwa.

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi, Faïda akiwa kazini, mimi nimelala nyuma ya pazia na homa ndogo, nilisikia Papa Déo akiingia jikoni. Alikuwa ametoka kupiga simu Bukavu, kule kwenye vibanda vya simu vya Matonge, mtaa wa Wakongo. Hakuvua koti.

"Cécile, kaa kwanza," akasema. "Mama ya Faïda amekufa. Jana mangaribi."

"Yesu wangu! Nabintu?"

"Njo ye. Banamuzika samedi, quatorze heures." Yaani Jumamosi, saa nane mchana.

Nikasikia kiti kinavutwa. Kisha sauti ya Maman Cécile ikarudi, imekuwa nyingine, sauti ya kazi.

"Mutoto asiambiwe leo. Leo ni jeudi, bantu bote bako ku kazi. Nani atakuya kumulilia? Weye na miye, wawili, kama kuku kwa mvua? Hapana. Samedi mangaribi bote banakuya, dix-sept heures, saa kumi na moja, nitapika, tutapanga viti, utasema maneno. Njo ataambiwa."

"Lakini watakuwa bamemuzika tayari."

"Alors? Ataruka aende? Hana papiers, hana karatasi, Déo. Akitoka hapa hatarudi. Umuambie mbele ya maziko juu ya nini, akate roho akitafuta njia?"

Nilikohoa bila kutaka. Pazia likafunguka. Maman Cécile alinitazama na kijiko mkononi, na hakunigombeza. Alikaa kwenye ukingo wa godoro langu. "Basi umesikia," akasema. "Weye njo utanisaidia. Samedi umutoe ndani ya nyumba. Umupeleke kwa ile miti yake, kule Tervuren, atembee, afurahi kidogo. Umulishe vizuri, unasikia? Muntu hasikie kifo na njaa. Na kinywa chako ifunge. Kifo haisemwe ku njia, haisemwe inje. Inasemwa ndani, bantu bako, muntu amekaa." Nikaitika ndiyo, Maman. Ningesema nini? Nilikuwa nakula sahani yake, nalala kwenye godoro lake. Sikuwa na mtu mwingine katika nchi hii yote.

Siku hizi vijana wetu wananiambia ilikuwa ukatili, kumficha mtu kifo cha mama yake siku tatu. Wao hawajui ule utamu wa kuamka asubuhi bado una mama. Faïda alipewa asubuhi mbili zaidi, ya Ijumaa na ya Jumamosi, na mimi nililala upande wa pili wa sanduku nikisikiliza anavyopumua, nikijua zinahesabika. Nilikuwa kama mtu aliyebebeshwa yai la moto, siwezi kulishika, siwezi kulitupa.

Jumamosi Maman Cécile alitufungia chakula kama tunakwenda safari ya wiki: chapati, mayai ya kuchemsha, sambaza, vile visamaki vya ziwa la kwetu, vya kukaanga ndani ya karatasi, chai ya maziwa na tangawizi katika thermos. Faïda alishangaa. "Maman, tunaenda kuona majani ao kuolewa?" Maman Cécile alimfunga kitambaa shingoni, akakifunga tena, akakifungua, akakifunga mara ya tatu. "Kula yote," akasema, akageukia sufuria zake haraka.

Tramu ilikuwa ya manjano, ya quarante-quatre, namba arobaini na nne, na baada ya kituo cha Montgomery iliacha nyumba ikaingia ndani ya miti. Sijui niseme vipi. Ilikuwa kama tumezama katika chupa ya mafuta ya mawese, jua likipita katikati. Watu ndani ya tramu wakawa na nyuso za dhahabu, hata yule bibi wa Kizungu aliyekuwa amenuna mbele yetu. Faïda alibandika paji la uso kwenye kioo mpaka mwisho wa njia. Tukashuka, tukatembea kama nusu saa, tukiuliza kila mtu "arboretum, s'il vous plaît," yaani bustani ya miti, tafadhali, Faïda akilitamka hilo neno kwa madaha kama amelinunua. Kisha njia ikafunguka, na ile kalenda ikawa mbele yetu, ila hii ilikuwa na upepo ndani yake.

Kulikuwa na miti myekundu kama pilipili iliyokaushwa, miti ya rangi ya sambaza zikiwa juani, na mingine ya manjano safi kabisa ambayo jani lake moja likianguka linakaa hewani muda mrefu, linazunguka, kama linatafuta jina la mtu. Hakukuwa na kelele. Miguu yetu tu, shaa, shaa, shaa. Faïda alikuwa anakimbia mbele, anarudi, ananiletea jani, anachukua lingine zuri zaidi, analitupa la kwanza. Kwenye shina la kila mti kulikuwa na kibao kidogo. Faïda alisoma shule kunishinda, akanisomea: huu umetoka Japani, huu Amerika, huu Uturuki. Akasimama, mikono kiunoni.

"Berna, yaani hii miti yote ni ba réfugiés, wakimbizi kama sie!"

"Nyamaza weye."

"Kweli! Hakuna hata moja ya hapa. Na angalia, kila muti iko na carte d'identité, kitambulisho yake imebandikwa ku kifua. Sie bantu njo tunangojea." Akauinamia mti wa Japani kwa heshima. "Monsieur, ulifanya interview ngapi? Tusaidie, tafazali."

Nilicheka mpaka nikalia, na nilipoanza kulia sikuweza kuacha vizuri, ikabidi nijifanye napenga kamasi. Nilikuwa na saa ya mkononi, zawadi ya Papa Déo. Niliitazama. Saa sita na nusu. Mwezi ule saa za Bukavu na za Brussels zilikuwa bado sawasawa, Wazungu hawakuwa wamerudisha mishale nyuma kwa ajili ya baridi. Nikawaza kule Kadutu sasa wanaosha mwili. Sasa wanawake wamekaa chini. Na huku binti yake anazungumza na mti wa Kijapani.

Nilimwambia tukae tule. Akasema bado, tuone yote kwanza, chakula kitatungoja. Nikamwambia tena. Saa saba ikapita. Tulipokaa mwishowe, kwenye benchi chini ya mti wa manjano, alikula nusu ya yai akalirudisha kwenye karatasi. Nikamsukumia chapati. Nikamsukumia samaki. Nikammiminia chai kabla hajamaliza ile ya kwanza. Moyo wangu ulikuwa unagonga kama kile chombo cha joto cha ukutani, maana nilikuwa nimeanza kufikiri jambo ambalo sikutumwa kulifikiri: kwamba saa nane watamfunika mama yake udongo, na yeye atakuwa hapa, mdomo umejaa yai, anacheka. Na jioni ataambiwa, atahesabu masaa, atakumbuka alikuwa anafanya nini wakati ule. Atakumbuka hicho kicheko maisha yake yote, na atajua mimi niliketi pembeni na saa mkononi.

Faïda alikuwa anatazama chini, majani yamefika mpaka kwenye vifundo vya miguu. "Ona hii Wazungu," akasema. "Nafasi nzuri hivi, na hawafagie. Kwetu muntu akiingia mu parcelle, mu kiwanja iko hivi, atauliza mara moja: hapa nani amekufa?"

Kwetu ni kweli. Nyumba yenye matanga haifagiliwi. Majani yanaanguka yanabaki, mpaka siku ya kuondoa matanga. Alisema kwa mzaha tu. Mimi nilitakiwa kucheka, na sikucheka. Nilikuwa nimeshika kipande cha chapati nakinyoosha kwake tena. Akautazama mkono, akatazama chakula chote kile tulichofungiwa, mayai sita ya watu wawili. Mtu wa kwetu anajua chakula kingi namna hiyo maana yake nini.

"Berna," akasema polepole. "Nani?"

Nilifikiri juu ya Maman Cécile. Nilifikiri godoro langu, na ngazi za Ixelles, na kwamba labda usiku huo sitakuwa na mahali pa kulala. Kisha nikasema, "Mama."

Hakupiga kelele. Alifunga karatasi ya samaki vizuri, akakunja pembe zake.

"Banamuzika lini?"

"Leo. Quatorze heures."

"Sasa ni saa ngapi?"

"Zimebaki dakika ishirini na mbili."

Akasimama. Nilidhani ataanguka, nikasimama pia, lakini alikuwa anatafuta kitu kwa macho, anageuka huku na huku katikati ya ule wekundu wote, kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. "Udongo," akasema. "Berna, iko wapi udongo? Majani tu! Majani tu!" Akapiga magoti, akaanza kuyafukua kwa mikono, na chini ya majani kulikuwa na majani mengine meusi yaliyolowa, na chini yake mizizi. Nikamwinua. Mbali kidogo, ng'ambo ya njia, nilikuwa nimeona gari dogo la kijani na mfanyakazi mmoja, na kando yake shimo.

Lilikuwa shimo la kupandia mti. Mti wenyewe ulikuwa umelazwa pembeni, mdogo, mizizi imefungwa gunia, na udongo umelundikwa vizuri, mweusi. Mfanyakazi alikuwa amekaa kwenye mlango wa gari anakula mkate, redio inaimba. Alipotuona tunakuja mbio akasimama, akanyoosha mkono kwamba hapana, msikaribie, mtaanguka. Kifaransa changu kilikuwa cha kununulia mkate. Nilimwonyesha Faïda, nikasema, "Sa maman," mama yake. Nikaonyesha mbali, nikasema, "Afrique." Nikaonyesha saa yangu, nikaonyesha shimo. "Maintenant," sasa hivi.

Alitutazama mmoja mmoja. Alikuwa kijana mnene, masikio mekundu. Sijui alielewa kiasi gani. Lakini aliweka mkate chini, akazima redio, akavua kofia.

Tukangoja saa nane ifike. Hilo ndilo ninaloliota hadi leo, ule muda wa kungoja. Watu watatu kando ya shimo, majani yanashuka juu yetu na ndani ya shimo, mekundu na manjano, bila haraka, hata hatukuhitaji kuleta maua. Faïda alishika udongo mikono miwili. Mimi nilishika saa. Mshale ulipofika nikamwambia, "Sasa."

"Mama," akasema Faïda, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anazungumza kupitia ukuta. "Ni miye. Niko mbali, lakini niko. Saa ya huku na ya kwenu ni moja." Akatupa. Akashika tena, akatupa. Ya tatu alikaa nayo muda mrefu, akafungua vidole kidogo kidogo. Kisha nikatupa mimi, nikamtaja: Nabintu wa Kadutu, lala. Kisha yule kijana, bila kuambiwa, akainama akatupa wa kwake. Hapo ndipo Faïda alipopiga yowe, na ndege waliruka kutoka juu ya miti, na mimi nilimshika kwa nguvu zote nilizokuwa nazo mpaka sauti ikamwisha.

Kabla hatujaondoka nilimuuliza kijana jina lake, maana mtu aliyefika mazikoni lazima ajulikane. Aliitwa Joris. Alituomba, kwa mikono, tushike ule mti wima wakati yeye anajaza shimo. Tukaushika.

Katika tramu ya kurudi jua lilikuwa limeshuka, mafuta ya mawese yamekuwa meusi. Faïda alilaza kichwa begani kwangu. "Maman Cécile alikukataza," akasema. Hakuwa anauliza. "Usiogope. Nitajifanya sijui. Papa Déo akisema, nitaanguka chini. Machozi iko mingi, haijaisha." Nikamwambia asifanye hivyo kwa ajili yangu. Akajibu, "Ni juu ya bo. Bamepika tangu asubuhi."

Kwenye ngazi za Ixelles tulisikia kimya kile cha watu wengi wanaonyamaza pamoja. Viatu vilikuwa vimejaa nje ya mlango. Nilimtazama Faïda, akanitazama, tukajipangusa nyuso. Nikagonga.

Alifungua Maman Cécile mwenyewe. Uso wake ulikuwa umeandaliwa, mikono imefunguliwa tayari kumpokea mtoto. Kisha macho yake yakashuka. Yakafika kwenye mikono ya Faïda, halafu kwenye yangu: udongo mweusi mpaka kwenye kucha, umekauka. Magoti ya Faïda yalikuwa na udongo. Nyuma ya Maman Cécile niliona chumba kizima, viti vimepangwa ukutani, Papa Déo amesimama katikati na tai yake nyeusi, karatasi mkononi. Nikasema moyoni, basi, nimeipoteza nyumba hii.

Maman Cécile aligeuka akawaambia watu, "Mungojee kidogo." Akaenda jikoni. Akarudi na beseni la maji na kikombe, akatoka nje kwetu, akavuta mlango nyuma yake, tukabaki watatu katika giza la ngazi. Kwetu mtu akitoka makaburini ananawishwa mikono kabla ya kuingia ndani. Alimmiminia Faïda kwanza, akamsugua kidole kimoja kimoja kwa kidole gumba chake, kisha mimi. Hakututazama usoni.

"Mulimuzika vizuri?" akauliza, kwa sauti ya chini.

"Vizuri, Maman," akasema Faïda.

"Bantu balikuwa wangapi?"

"Tatu."

Akatikisa kichwa kukubali, akatufuta mikono kwa kitenge alichokuwa amejifunga. "Bon. Ingieni sasa," akasema. "Déo ameandika maneno yake siku mbili. Mumuache aseme."